Mgomba Mfupi

Chwa! Kimya kidogo. Chwa! tena.

Nabwile aliusikia mlio huo kabla hajaliona boma. Alikuwa bado kwenye kijia cha matope kinachopanda kutoka barabara ya Bokoli, viatu mkononi, gauni lake jeupe amelikunja mpaka magotini. Panga likipiga mti mkavu, mti hujibu kwa kelele. Hili halikujibiwa. Lilizama ndani ya kitu kilichojaa maji, likachomolewa, likazama tena. Aliolewa hapa, alizaa hapa. Alijua ni kitu gani hukatwa kwa mlio huo. Na alijua kwamba shambani mwa shemeji yake hakukuwa na mkungu hata mmoja uliokomaa.

"Wameanza bila mimi," alisema.

Jerono, jirani yake wa mtaa wa Matisi mjini Kitale, aliyetoka naye huko asubuhi hiyo, alikuwa nyuma akihema. Alimshika kiwiko. "Tembea pole pole, Mama Hillary. Ukikimbia utafika huna pumzi ya kugombana."

Mto Nzoia ulimchukua Hillary mwishoni mwa Aprili, mvua zilipofurisha nchi nzima. Alikuwa akichota mchanga na wenzake. Wenzake walitoka majini, yeye hakutoka. Wapiga mbizi walikuja wakatafuta, wakapata sepetu yake na gambuti lake moja la mpira, la kushoto. Mwili haukuonekana. Sasa ilikuwa Julai, na ukoo ulikuwa umekaa ukakata shauri, ukamwita: shina la mgomba lizikwe badala yake, kama wazee walivyomfanyia kila mtu ambaye mwili wake haukurudi nyumbani. Livikwe nguo zake, lilazwe kaburini, lifunikwe. Watu walie, wanyolewe, waendelee kuishi.

Lakini Nabwile alikuwa na neno. Katika kanisa la mabati nyuma ya soko la Matisi, mchungaji wake alimwekea mkono kichwani mbele ya watu wote, akafumba macho, akasema: "Namwona kijana. Yuko hai. Yuko ndani ya nyumba ya bati jekundu. Atarudi kabla ya mahindi kuvunwa." Nabwile alianguka sakafuni kwa furaha, na akina mama wenzake wakamfunika leso. Kesho yake alipeleka cherehani yake kanisani iwe mbegu, yaani sadaka ya kulitimiza neno lile, yeye ambaye hakuwa na kazi nyingine ila ushonaji. Kisha alipiga simu Bokoli, akampa neno hilo Viola, mke wa Hillary, aliyekuwa mjamzito.

Ndiyo sababu leo alivaa gauni jeupe la akina mama wa maombi na mkanda wa buluu. Alitaka waone kutoka mbali nani amekuja kuwasimamisha.

*

Wanjala, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alikuwa akitoka migombani shina likiwa begani, maji yakimtiririka mgongoni. Vijana wawili walikuwa ndani ya kaburi mpaka kiunoni, wakitupa udongo mwekundu karibu na mahali baba yake Hillary alipolazwa.

"Mulamwa, umefika," Wanjala alimsalimu kama mashemeji wanavyosalimiana huko. "Pole na safari."

"Usinipe pole. Mnazika nani?"

"Tunazika Hillary."

"Hillary hajakufa."

Wanjala aliliweka shina chini, akajinyoosha mgongo. "Haya. Basi mwite akuje atusaidie kubeba hii kitu."

Kijana mmoja kaburini alicheka, kisha akaona aibu, akainama kuchimba. Nabwile alihisi kicheko kile kikimwingia kama maji baridi shingoni.

"Mungu amesema atarudi."

"Mungu wa Kitale?" Wanjala aliuliza. "Huyu wetu wa Bokoli hajatuambia kitu. Mimi nimekanyaga ile mto mpaka Webuye, mulamwa. Nimeingiza mkono chini ya kila mti umeanguka. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unaangushwa kanisani." Alipangusa jasho. Hakuwa amepaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mwezi wa nane mtoto wangu Kevin anaenda kisu cha tohara. Atashuka kwa maji alfajiri apakwe matope. Unataka nimpeleke kwa maji na ndugu yake bado ako huko kwa maji, hajalala? Wewe mama ungekubali?"

Wanjala akamtazama Jerono. "Na huyu mama wa kutoka mlimani naye amekuja kutafuta nini?"

"Nimekuja kulia," Jerono alisema. "Ama kwenu watu wanalia kwa kadi ya mwaliko?"

Vijana walicheka tena, na safari hii Wanjala mwenyewe alikaribia kutabasamu. "Keti, mama," alisema. "Kulia ni bure."

*

Viola alikuwa amejifungia. Nabwile aligonga, akajitaja, akafunguliwa. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mfupi, na kwenye ubao wa juu palikuwa na alama laini, nyeusi, mahali ambapo Hillary alijigonga paji la uso tangu siku alipoezeka nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mrefu kupita mtu yeyote wa ukoo wao. Kila mwaka wa ujana wake, mama yake alifumua pindo za suruali akaziteremsha, mpaka pakawa hapana kitambaa tena cha kuteremsha.

Mezani suruali yake nyeusi ya kanisani ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa. Juu yake ilikaa simu ya Hillary, imejaa chaji. Viola alikuwa akiipeleka kila siku kwa jirani mwenye sola.

"Wanataka nguo zake wavalishe mgomba," Viola alisema. "Nimekataa. Akirudi avae nini?"

"Umekula?"

"Mama, waambie. Wewe ndiye ulipewa lile neno. Waambie kuhusu bati jekundu."

Nabwile alimtazama miguu. Ilikuwa imefura mpaka kifundo kimepotea, na nyayo zilikuwa zimepasuka, matope makavu ndani ya mipasuko.

"Miguu imefanya nini, mwanangu?"

"Ni kutembea tu."

"Kutembea wapi na hiyo tumbo?"

Viola aliketi kitandani. Alikuwa binti mdogo, na mimba ilimfanya aonekane mdogo zaidi. "Bati jekundu ni mingi, Mama. Sikujua ni mingi hivi. Nimeanza hapa Bokoli, nikaenda Webuye, juzi nimefika Misikhu. Nabisha mlango, nawaambia natafuta mtu mrefu. Wengine wananipa maji. Mwingine aliniuliza kama niko mzima wa akili. Kuna mama alifungulia mbwa." Alisema hayo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza alivyopalilia shamba. "Zile za upande wa Chwele bado. Nilikuwa nataka uniulizie mchungaji, hiyo nyumba iko na geti ama haina?"

"Na kliniki umeenda?"

"Tulisema tutaenda pamoja. Akirudi asikute nimeenda bila yeye."

Nabwile alikuwa amelibeba neno lile kutoka Kitale kama mtu anavyombebea mgonjwa uji, akilifunika lisipoe. Na binti wa watu alikuwa amelinywa, akainuka, akaenda kubisha hodi kwa mbwa.

"Lala kidogo," alisema. "Narudi."

*

Nyuma ya ghala la mahindi alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu mchungaji alipokea, na nyuma yake palisikika vinanda vikijaribiwa.

"Bwana asifiwe, mama."

"Milele amina. Mchungaji, ile nyumba ya bati jekundu, ni ya wapi? Mke wa kijana anaitafuta kwa miguu. Ni mjamzito. Niambie tu ni upande gani."

"Mama, neno la unabii haliulizwi kama njia ya kwenda sokoni."

"Najua. Lakini ulisema uliiona."

"Niliona. Sasa wewe unaonaje?" Sauti yake ilianza kupanda. "Nasikia shaka, mama. Shaka yako ndiyo imemfunga kijana huko aliko. Angekuwa ameshafika. Uko wapi sasa hivi?"

"Niko Bokoli. Ukoo wanazika mgomba."

Vinanda vilinyamaza. "Na wewe umesimama hapo?"

"Nimekuja kuwazuia."

"Sikiliza. Ukikaribia hilo kaburi umemkana Bwana. Hilo gauni jeupe ulivue. Usije nalo madhabahuni kwangu tena." Kisha, kwa upole wa kutisha: "Nakuombea."

Simu ilikatika. Nabwile alibaki ameegemea ghala. Kwa hiyo ni yeye. Mto haukumuua Hillary. Yeye mama yake ndiye anayemzuia, kwa sababu aliuliza njia. Alijaribu kuomba, na mdomo ulifunguka bila kitu. Maneno yote aliyokuwa nayo ya kumwita Mungu alikuwa ameyajifunza katika kanisa lile, kwa sauti ile, na sasa kila neno lilimrudia likinuka jasho la mtu yule.

*

Wake wa boma waliwapa wageni chai na viazi vitamu chini ya paa la jikoni. Jerono alishika kikombe, akafumba macho hata kabla ya mwenyeji kuomba.

"Bwana, asante kwa chai na viazi. Umkumbuke Cheruiyot, popote alipo. Umkumbuke Hillary, popote alipo. Amina."

"Cheruiyot ndiye nani?" mke wa Wanjala aliuliza. Aliitwa Nasambu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi.

"Ni bwana yangu. Watu wenye bunduki walimchukua wakati wa vita vya ardhi kule kwetu mlimani. Hajarudi."

"Na hamkuzika kitu?"

"Tungezika nini? Tulikuwa tunakimbia."

Nabwile alikuwa amekaa karibu na Jerono katika nyumba za kupanga za Matisi miaka mingi. Alinunua maziwa kwake kila asubuhi. Alilisikia jina lile katika maombi ya chakula mara nyingi hata masikio yake yakalizoea, na hakuwahi kuuliza. Alikuwa na kanisa kubwa, lenye vinanda. Jerono alisali kwenye kikanisa cha watu wachache ambacho hata paa lake lilivuja. Sasa aliuliza, na alikuwa na hasira.

"Mungu alikuambia nini juu ya Cheruiyot?"

"Hajaniambia kitu."

"Miaka yote hiyo?"

"Hata kitu."

"Na bado unamwomba?"

"Si ndiyo maana naomba?" Jerono alimenya kiazi. "Angekuwa ameniambia, singeomba. Ningechukua shuka niende kumleta."

Nasambu alicheka, akaziba mdomo.

"Usicheke, ni kweli," Jerono aliendelea. "Mwanzoni nilikuwa nalala chini namwambia Mungu, leo siamki. Sitaki. Halafu ng'ombe inalia, naamka, nakamua. Jioni najiuliza, ile nguvu ya kukamua ilikuwa ya nani? Yangu ilikuwa imeisha, hiyo najua. Basi kesho naamka tena naikuta. Hiyo tu ndiyo amenipa, Mama Hillary. Cheruiyot hajanipa. Nguvu ya kukamua amenipa." Aliuma kiazi. "Na mimi nimekubali kukula hiyo kwanza."

*

Walipoanza, Nabwile alisimama mbali, karibu na ghala, mikono kifuani. Hakutaka kukaribia na hakuweza kuondoka. Viola hakutoka. Kwa kuwa aliwanyima nguo, Wanjala alikuwa amelifunga shina kwa shuka na koti lake mwenyewe kuukuu. Alilibeba peke yake, mikononi, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akampa kijana aliyekuwa kaburini.

Kijana alilipokea, akalilaza. Kisha akatazama pande zote.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "hii imebakisha nafasi mob. Cousin alikuwa tall, bana."

"Nyamaza. Toka hapo."

Lakini Nabwile alikuwa amesikia. Miguu yake ilimpeleka bila kumwuliza. Alipita katikati ya watu, akafika ukingoni, akachungulia. Shina lilikuwa limelala chini mle katika koti la Wanjala, nene, fupi, kama mzee aliyekonda miguu. Juu ya kichwa chake palibaki udongo mtupu, na chini ya miguu vilevile.

"Huyo si yeye," alisema.

"Tunajua si yeye, mulamwa."

"Ni mfupi! Hillary hakuwa mfupi hivi! Nimemshonea suruali tangu nepi, mnaniletea mtu mfupi hivi?"

"Nabwile. Ni mgomba tu."

"Kama ni mgomba tu, mbona mmenitoa Kitale?"

Uso mkubwa wa Wanjala ukaanza kuvunjika kuanzia kidevuni. "Hii mirefu sikuweza," alisema. "Nilisimama hapo tangu asubuhi. Nikiangalia mrefu naona yeye. Nikakata ile naweza kubeba."

Ndipo Nabwile alipojua alichokisema. Mtu hampimii kaburi mwana aliye hai. Mdomo wake ulikuwa umekiri kabla ya moyo, na mbele ya ukoo wote, na ndani ya gauni jeupe. Alingoja ardhi imfungukie kama mtu aliyemkana Bwana. Ardhi haikufunguka. Kuku alipita. Mtoto alikohoa. Alijikuta bado amesimama.

"Nipe panga," alisema.

Aliingia migombani mwenyewe. Alipita mifupi, akapita minene, akaukuta mmoja mwembamba ulioinua majani juu ya yote. Alipiga. Chwa! Alipiga tena. Kila pigo lilimtoa kilio ambacho alikuwa amekikalia tangu Aprili kwa amri ya mchungaji, kwani aliambiwa machozi ni kukosa imani. Alilia na kukata, akakata na kulia. Mgomba ulipoanguka ulianguka taratibu, kama mtu anayejilaza. Jerono alikuwa tayari upande wa pili. Waliubeba wawili, na utomvu ukamwagikia gauni jeupe kifuani na begani. Hakuna sabuni inayotoa utomvu wa mgomba. Kila mwanamke aliyesimama pale alilijua hilo, na Nabwile alilijua, na hakulisogeza gauni pembeni.

Viola alikuwa ameusikia mlio. Walipofika ukingoni, alikuwa amesimama pale peku, suruali nyeusi mikononi.

Alipiga magoti, akaikunjua suruali juu ya shina lile jipya. Ilifika kamili. Aliipapasa pindo, akalala juu yake, akatoa sauti ambayo mtu hufundishwa na msiba peke yake.

Shina la kwanza lilitolewa, la pili likalazwa. Wanjala alimgeukia Nabwile. "Sema kitu, mulamwa. Mimi nimeisha."

Nabwile alisimama. Alitafuta sauti ile ya kanisani, ya kutetemesha mabati, asiipate. Akatumia ile aliyonayo.

"Mungu. Huyu si Hillary, hata wewe unajua. Hillary sijui ako wapi. Labda mto uko naye, labda wewe uko naye. Hujaniambia. Nilisema umeniambia, lakini hukuniambia. Nilitaka sana, ndiyo nikaamini mtu. Nisamehe. Mtoto wangu amekufa." Alishika mkono wa Jerono ili amalize. "Amekufa, na mimi bado nakuita. Sina kwingine. Unisimamishe tu hivi umenisimamisha sasa. Amina."

"Amina," Jerono alisema, peke yake.

Kisha Wanjala. Kisha vijana wenye sepetu. Kisha boma zima.

*

Watu walipotawanyika kwenda kunyolewa, Viola alibaki ameketi kwenye udongo mbichi. Nabwile aliketi kando yake, akaichukua miguu yake iliyofura, akaiweka mapajani pake, juu ya gauni lililochafuka. Alianza kuondoa matope kwenye mipasuko kwa kidole gumba.

"Nikimtaja kwa maombi sasa, nimtaje vipi?" Viola aliuliza.

"Kama Jerono. Popote alipo."

"Na mtoto akizaliwa aniulize baba?"

"Mwambie mto ulimchukua. Mwambie alikuwa mrefu, alijigonga kila mlango."

Viola alitaka kucheka, ikashindikana. "Mama, nilibisha milango mingi sana."

"Najua." Nabwile alipangusa kidole kwenye gauni. Kisha alisema kwa sauti, ili Hillary, kama yuko karibu, naye asikie: "Viola, ile nyumba mimi ndiye nilikuletea. Sasa mbele ya Mungu na mbele ya hili kaburi nakuahidi. Sitakuambia tena Mungu amesema, kama hajasema. Siku akinyamaza nitakuambia amenyamaza, na nitakaa hapo na wewe tukimwita. Na kesho asubuhi tunaenda kliniki, mimi na wewe, hata kama ni kukubeba. Wewe hutabisha tena. Huko mimi ndiye nitabisha mlango."